Mahakimu wawili, maofisa wasiofika 300, wenyeji nusu milioni: mji wa Edo uliendeshwaje?

#1 · Kalamu ya Pwani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka auwekee alama arudi usiku.

Utawala wa samurai wa Japani ukitajwa, akili inakimbilia panga na vita. Lakini tangu Tokugawa Ieyasu apewe cheo cha shoguni, yaani mtawala mkuu wa kijeshi, mwaka 1603 hadi utawala wa ukoo wake ulipoanguka mwaka 1868, sehemu kubwa ya muda huo nchi ilikuwa na amani. Wapiganaji wakawa makarani. Serikali ilibaki ya kijeshi kwa vyeo na mavazi, ila shughuli zake za kila siku zikawa kesi za madeni, majanga ya moto na bei ya mchele. Mzigo huo ulikuwa mkubwa zaidi pale Edo, makao ya shoguni, mji ambao leo ndio Tokyo.

Aliyekabidhiwa wenyeji wa mji huo aliitwa machi-bugyo. Mimi nitamwita bugyo tu. Huyu alikuwa mkuu wa mji, jaji, mkuu wa polisi na msimamizi wa gereza, yote kwa mtu mmoja. Aliteuliwa kutoka kwa samurai wanaomtumikia shoguni moja kwa moja, na alijibu kwa baraza la wazee wa serikali. Asubuhi anakwenda ngomeni kuripoti na kupokea maagizo, mchana anarudi ofisini kusikiliza mashauri.

Kwa kawaida walikuwa wawili, wa kaskazini na wa kusini. Usidhani waligawana mji. Majina yalitokana na mahali ofisi zilipojengwa; walichogawana ni miezi. Mwezi huu ofisi moja inafungua lango na kupokea mashauri mapya, nyingine inafunga lango na kumalizia viporo, mwezi ujao wanabadilishana. Kati ya 1702 na 1719 iliwahi kuwepo ofisi ya tatu, kisha ikaondolewa.

Sasa twende kwenye hesabu, maana ndiyo iliyonifanya niandike. Mwaka 1721 serikali ilihesabu watu wa kawaida wa Edo, yaani wafanyabiashara, mafundi, vibarua na familia zao, ikapata watu 500,000 na ushei. Hapo samurai hawamo. Chini ya kila bugyo kulikuwa na maofisa wa ngazi ya juu, yoriki, 25, na chini yao maofisa wa ngazi ya chini, doshini, 100 na kidogo. Ukijumlisha ofisi zote mbili hufiki 300. Na wengi wa hao walikuwa mezani: kumbukumbu, mahesabu, gereza, masoko, madaraja. Doshini waliopangiwa kuzunguka mitaani kutafuta wahalifu walikuwa 14 kwa kila ofisi.

Yaani askari 28 wa doria kwa mji wa watu nusu milioni. Iliwezekanaje?

Jibu linalopendwa ni kwamba mahakimu wao walikuwa na hekima ya ajabu. Mimi nasema kazi ilifanywa na mtaa, kwa gharama ya mtaa, na sifa zikapanda juu kwa bugyo.

Tazama ngazi zilivyopangwa. Chini ya bugyo kuna wazee watatu wa mji, vyeo vya kurithi vya familia tatu: Taruya, Naraya na Kitamura. Amri inatoka kwa bugyo inashuka kwao. Wao wanawapa wakuu wa mitaa, nanushi, waliokuwa 250 na ushei, wengi wakishika mitaa kadhaa kila mmoja. Chini ya nanushi ni wenye viwanja na nyumba, waliofungwa katika makundi ya nyumba tano tano, mmoja akikosea wote wanaulizwa. Na chini kabisa, anayemjua kila mpangaji kwa jina, ni oya, yaani msimamizi wa nyumba za kupanga.

Huyu oya ndiye ninayemheshimu kuliko wote. Watu wengi wa Edo waliishi kwenye safu za vyumba vya mbao; chumba cha kawaida hakikuzidi mita 3 kwa 4, familia nzima humo, choo na kisima vya pamoja. Oya alikusanya kodi kwa niaba ya mwenye nyumba, aliandikisha wapangaji, alisuluhisha ugomvi, alisimamia usafi wa kisima. Mpangaji akiitwa kwa bugyo, oya anafuatana naye na kupiga magoti naye kwenye changarawe nyeupe za ua wa mahakama. Mpangaji akifanya kosa kubwa, oya naye anaweza kuadhibiwa. Kipato chake kimoja kilikuwa kuuza kinyesi cha vyoo vya wapangaji kwa wakulima wa pembezoni, waliokitumia kama mbolea. Mji ulikuwa msafi kwa sababu kulikuwa na mtu aliyelipwa kwa usafi huo.

Usiku malango ya mitaa yalifungwa. Kila mtaa una kibanda chake cha walinzi, mlinzi wa lango, ngazi ya kutazamia moto. Gharama zote hizo zililipwa na mfuko wa mtaa, siyo na hazina ya shoguni.

Nikirudi nitaeleza kuhusu mahakimu wenyewe. Karibuni.

#2 · Bwana Shamba wa Mbozi

Shukrani mkuu. Swali: hao 500,000 ni watu wa kawaida. Samurai akimjeruhi muuza samaki sokoni, anapelekwa kwa nani? Au ndiyo yule asiyeguswa?

#3 · Kalamu ya Pwani (mwanzisha uzi)

Mkuu umegonga penyewe. Bugyo hakuwa na mamlaka juu ya samurai kwa ujumla. Asilimia 70 hivi ya ardhi ya Edo ilikuwa ya samurai: makasri ya watawala wa majimbo na nyumba za watumishi wa shoguni. Nyingine 15 hivi ni mahekalu. Ile nusu milioni ya wenyeji ilibanwa kwenye asilimia 15 iliyobaki.

Askari wa bugyo hakuweza kuingia kwenye lango la mtawala wa jimbo kumfuata mtuhumiwa. Kesi ya samurai inakwenda kwa bwana wake au kwa wakaguzi wa shoguni. Viwanja vya mahekalu vina bugyo wao, mwenye hadhi kubwa zaidi. Hata mitaa ya biashara iliyoota mbele ya mahekalu ilikuwa nje ya mkono wa bugyo wa mji hadi 1745 alipokabidhiwa, maana wahalifu walikuwa wakivuka barabara tu wanakuwa salama. Mwaka 1818 ndipo serikali ilipochora mipaka ya Edo kwenye ramani: mstari mwekundu kwa mji wote, na mweusi ndani yake kwa eneo la bugyo.

Kesi iliyohusisha pande mbili tofauti, samurai na raia kwa mfano, ilipelekwa kwenye baraza la pamoja lililowaketisha bugyo wa mahekalu, wa mji na wa fedha. Na kulikuwa na njia ya pembeni: nyumba za watawala wa majimbo ziliwapa yoriki wa mji zawadi mara kwa mara, ili siku mtumishi wao akikamatwa mtaani jambo limalizwe kimya. Zawadi hizo zilijulikana na zilikubaliwa.

#4 · Mjumbe Mstaafu

Hizo nyumba tano tano zimenikumbusha ubalozi wa nyumba kumi. Nilikuwa balozi miaka mingi. Mgeni akilala kwangu bila taarifa ni lazima nijue. Kumbe wenzetu walianza zamani.

#5 · Kalamu ya Pwani (mwanzisha uzi)

Shikamoo mzee wangu. Zinafanana kwa kumjua jirani na kupeleka taarifa juu. Tofauti kubwa ni adhabu. Balozi hakufungwa kwa sababu mtu wa nyumba ya tisa ameiba. Kule Edo jukumu la pamoja lilikuwa la kisheria: kutotoa taarifa ni kosa la kundi zima. Tena waliohesabiwa kuwa wanakundi kamili ni wenye viwanja na wasimamizi wao. Mpangaji, ambaye ndiye mkazi wa kawaida wa Edo, hakuchangia mfuko wa mtaa na hakuwa na sauti kwenye kikao chake, lakini amri zote zilimhusu.

Mtindo huo ndio uliomwezesha bugyo kutawala kwa watu wachache. Hakuhitaji kumtazama kila mtu. Alihitaji kila mtu amwogopee jirani yake.

#6 · Binti Mwanakombo

Kaka, mimi nilisoma hadithi za hakimu wao aitwaye Ooka. Mwanafunzi maskini anakula wali wake huku akinusa harufu ya chakula cha mpishi wa jirani, mpishi anadai alipwe harufu, hakimu anaamua alipwe kwa mlio wa sarafu. Nikashangaa sana, kwa sababu hiyo hiyo nimesimuliwa na bibi yangu Unguja, na mwamuzi kwetu ni Abunuwasi! Nani kamwibia nani?

#7 · Kalamu ya Pwani (mwanzisha uzi)

Dada, hakuna aliyeiba. Hadithi ile imezunguka dunia, na kila mji ukampa mtu wake anayependwa. Hata ile ya wanawake wawili wanaogombea mtoto, ambayo sisi tunaijua kwa Nabii Suleimani, Wajapani wanasimulia kwamba Ooka aliwaambia wamvute mtoto mikono huku na huku, akampa yule aliyeachia. Hadithi hizo zilikusanywa na wasimuliaji baada yake. Kati ya kesi mashuhuri anazopewa, inayojulikana kwamba kweli aliiamua ni ya mwaka 1727, ya nyumba ya mfanyabiashara wa mbao ambako binti na mama yake walipanga njama ya kumuua mkwe aliyeoa humo. Hakuna kitendawili ndani yake, ni jinai tupu.

Ooka Tadasuke wa kweli ananivutia zaidi kuliko wa hadithi. Alizaliwa 1677, akawa bugyo wa kusini mwaka 1717 chini ya shoguni wa nane, Yoshimune, na akakaa kwenye kiti hicho hadi 1736. Karibu miaka 20 katika kazi iliyokuwa ikiwachosha watu kufa.

Alichokikuta ni mafuriko ya kesi. Mwaka 1718 mashauri mapya yalizidi 30,000, karibu yote ya kudaiana fedha. Piga picha mahakimu wawili mbele ya rundo hilo. Mwaka uliofuata serikali ikatoa amri: mikopo na madeni malizaneni wenyewe, mahakama haipokei. Wadaiwa wakashangilia, wakopeshaji wakalia, na walioumia mwisho ni wakopaji wadogo, kwa sababu nani atakukopesha wakati hana pa kukudai? Amri ilifutwa 1729.

Kubwa lililobaki ni zimamoto. Edo ilikuwa ya mbao na karatasi. Moto wa 1657 uliangamiza sehemu kubwa ya mji, na inakadiriwa watu waliokufa walikaribia 100,000. Kabla ya Ooka vikosi vya zimamoto vilikuwa vya samurai, wakilinda kwanza ngome na makasri. Yeye akaamuru mitaa iunde vikosi vyake, na mwaka 1720 vikapangwa upya, vikafika 48 upande wa magharibi wa mto Sumida na 16 upande wa mashariki. Waliojiunga zaidi ni mafundi wa majukwaa ya ujenzi, watu wasioogopa kupanda mapaa, kwa sababu njia kubwa ya kuzuia moto ilikuwa kubomoa nyumba zilizo mbele yake. Marufuku ya wenyeji kuezeka vigae nayo ikaondolewa, mji ukaanza kuhama kutoka mapaa ya mbao.

Nani alilipa? Mfuko wa mtaa. Narudi pale pale nilipoanzia.

Kuna jambo jingine la enzi hiyo ninalolipenda kwa dhati. Mwaka 1721 Yoshimune aliweka sanduku la maoni mbele ya lile baraza la pamoja, likifunguliwa naye mwenyewe; sharti uandike jina na unapoishi, barua isiyo na jina inachomwa. Daktari wa mtaani, Ogawa Shosen, akaandika kwamba wagonjwa maskini wanakufa bila mtu wa kuwahudumia. Mwaka 1722 ikafunguliwa nyumba ya tiba ya bure Koishikawa, kwenye bustani ya dawa ya serikali, chini ya usimamizi wa mahakimu wa mji. Iliendelea hadi mwisho wa utawala huo. Barua ya daktari wa mtaani ilimfikia mtawala, na ikajibiwa kwa jengo.

#8 · Mtu wa Hoja

Naheshimu uzi, ila sikubali kwamba bugyo alikuwa anapokea sifa za bure. Wapo waliosimama kwa ajili ya raia wakihatarisha kiti. Tusimsahau Toyama Kagemoto.

Huyu alikuwa bugyo wa kaskazini kuanzia 1840. Mwaka 1841 mzee mkuu wa serikali, Mizuno Tadakuni, alianzisha mageuzi makali: anasa marufuku, vyama vya wafanyabiashara vivunjwe, burudani zibanwe. Mwishoni mwa mwaka huo majumba makubwa ya kabuki, maigizo ya jukwaani, yakaungua. Mizuno akaona hiyo ndiyo nafasi ya kuyafuta kabisa. Toyama akapinga kwa maandishi. Yakaishia kuhamishiwa Asakusa, mbali na katikati ya mji, lakini kabuki ikabaki hai. Kumbi za wasimulizi wa hadithi zilizokuwa zaidi ya 200 Mizuno alitaka zifutwe zote, zikaachwa 15. Hoja ya Toyama ilikuwa ya mtu anayeijua mitaa: wapo wanaokula kwa kazi hiyo, na kibarua mwenye senti chache anahitaji pa kupumzikia.

Wakati huo huo kiti cha kusini kilishikwa na Yabe Sadanori, naye akawa na wasiwasi na mageuzi. Torii Yozo, mtu wa Mizuno, akamchimba hadi akaondolewa, kiti akakichukua Torii mwenyewe. Yabe akawekwa kizuizini kwenye jimbo la Kuwana, akakataa chakula, akafa 1842. Torii akajaza mji wapelelezi na mitego. Wananchi walimpa jina la jini, wakiunganisha vipande vya jina lake na cheo chake. Mwaka 1843 Toyama akapandishwa cheo cha heshima kilichomtoa kwenye mji.

Halafu upepo ukageuka. Mizuno akaanguka, Torii akahukumiwa kuwekwa chini ya ulinzi Marugame, kisiwa cha Shikoku, akakaa huko zaidi ya miaka 20. Mwaka 1845 Toyama akarudi kama bugyo wa kusini, akakaa hadi 1852, na vyama vya wafanyabiashara vikarejeshwa 1851. Mambo ya tatuu ya maua ya micheri begani mwake, ile anayoifunua mahakamani, ni ya jukwaani. Upinzani wake kwa Mizuno ni wa kweli.

Sasa mtu wa namna hiyo unasemaje alibebwa na mtaa?

#9 · Kalamu ya Pwani (mwanzisha uzi)

Mkuu, mchango mzito, na Toyama nampa heshima yake. Lakini angalia ulichokionyesha: raia wa Edo walinusurika kwa sababu kiti kimoja kati ya viwili kilikaliwa na mtu mwema, na upande wa pili akakaa Torii. Utaratibu ule ule, mamlaka yale yale. Raia hakuwa na njia ya kumchagua wala kumwondoa yeyote kati yao.

Ukitaka kuona mwisho wa hekima ya bugyo nenda Osaka. Kule pia kulikuwa na mahakimu wawili, wa mashariki na wa magharibi, na Osaka ndiyo ilikuwa ghala la mchele wa nchi. Miaka ya 1830 mavuno yalikufa, njaa ikaenea. Bugyo wa mashariki alikuwa Atobe Yoshisuke, ndugu wa damu wa huyo huyo Mizuno. Agizo lilikuja mchele upelekwe Edo, naye akatii, huku watu wa Osaka wakifa barabarani.

Oshio Heihachiro alikuwa yoriki mstaafu wa ofisi hiyo hiyo ya mashariki. Alifanya kazi humo kwa uadilifu, alifichua wala rushwa, akastaafu akafungua shule. Akaomba maghala yafunguliwe, akapuuzwa. Akauza vitabu vyake vyote, msomi yule, fedha akawagawia maskini. Mwezi wa pili wa kalenda yao, mwaka 1837, akanyanyuka na wanafunzi na wakulima mia kadhaa, wakashambulia nyumba za matajiri wa mchele kwa mizinga na moto. Ndani ya siku moja walikuwa wametawanywa. Moto uliteketeza karibu sehemu moja ya tano ya mji, nyumba za maskini zikiwemo, na hilo ni doa ambalo siwezi kulifuta kwa mapenzi yangu kwake. Alijificha siku 40 hivi, alipozingirwa akajiua pamoja na mwanawe.

Nikisoma habari za Oshio huwa nauliza kwa nini hakuna hadithi tamu za Atobe. Bugyo alipotakiwa kuamua kati ya mlo wa raia wake na agizo la waliomteua, muundo wote ulimwelekeza juu.

#10 · Njiwa wa Kigoma

Na mateso? Nimesikia bila kukiri huhukumiwi, kwa hiyo ni kipigo hadi useme.

#11 · Kalamu ya Pwani (mwanzisha uzi)

Kweli, ungamo ndilo lilikuwa msingi wa hukumu kubwa. Njia zilizoruhusiwa zilikuwa nne: viboko, kulundikiwa mawe mapajani ukiwa umepiga magoti, kufungwa mwili umekunjwa kama kamba wa baharini, na kuning'inizwa mikono ikiwa nyuma. Hiyo ya nne ilihitaji kibali cha baraza la wazee wa serikali. Hata hukumu yenyewe bugyo hakuwa huru nayo. Sheria iliyokamilishwa 1742, ambayo Ooka alishiriki kuiandaa, iliweka viwango: kufukuza mtu mji kulikuwa ndani ya uwezo wake hadi daraja fulani, adhabu kali zaidi zinapanda kwa baraza, na ya kifo inapelekwa kwa shoguni.

Kinachonisikitisha zaidi ni wasaidizi wa mtaani. Doshini 28 hawakuweza kuujua mji, basi kila mmoja aliwatumia watu wake wa siri, wengi wao wahalifu wa zamani, akiwalipa mfukoni mwake. Hawakuwa watumishi wa serikali, kwa hiyo walijilipa kwa kutisha wenye maduka. Serikali iliwapiga marufuku mara kwa mara, na kila mara wakarudi, kwa kuwa bila wao hakuna anayekamatwa.

#12 · Binti Mwanakombo

Ilikuwaje 1868? Hao maofisa walichinjwa, walikimbia?

#13 · Kalamu ya Pwani (mwanzisha uzi)

Hapana dada. Ngome ya Edo ilikabidhiwa bila vita, na baadaye mwaka huo huo ofisi za mahakimu nazo zikakabidhiwa pamoja na majalada yake. Serikali mpya ikabadilisha jina la ofisi, ikawaacha yoriki na doshini wengi waendelee kwa muda, kwa sababu hakukuwa na mwingine aliyejua kazi ile.

Na kulikuwa na fedha. Mwaka 1787 wenye njaa wa Edo walivunja mamia ya maduka ya mchele kwa siku kadhaa, na ofisi za mahakimu zikashindwa kuwazuia. Baada ya hapo, mwaka 1791, mzee wa serikali Matsudaira Sadanobu aliagiza mitaa ipunguze matumizi yake, na asilimia 70 ya kilichookolewa iwekwe akiba kila mwaka, kwa mchele wa dharura na mikopo nafuu. Ofisi ya akiba hiyo ilisimamiwa na maofisa wa fedha na wa mji pamoja na wafanyabiashara. Ililisha maelfu katika njaa za karne ya 19, ndiyo maana Edo haikulipuka kama Osaka mwaka 1837.

Kilichobaki kwenye mfuko huo kilirithiwa na Tokyo mpya, kikatumika kwa barabara, madaraja, shule na nyumba ya kutunzia maskini. Kilikuwa kimewekwa na mitaa yenyewe, kwa miaka zaidi ya 70.